Maziwa yalitoka? Swali la Daktari Sheehan

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie vijana mambo vipi. Mgeni rasmi asante sana kwa nafasi. Mratibu kanipa dakika ishirini na tano na namwona pale kashika simu anahesabu, kwahiyo nikipitiliza mnivumilie, nyie wakunga mmeshazoea kusubiri.

Kwenye ratiba wameandika eti nitaongelea "Matatizo ya homoni kwa mama". Nikajisemea, saa nane mchana, watu wametoka kula pilau, nisimame hapa nianze kutaja homoni moja moja si mtalala wote na mimi nilale humuhumu. Basi nitaongelea mtu. Mzee mmoja wa Kiingereza, kafariki 1988, na sehemu kubwa ya maisha yake aliimalizia kwenye kitu kidogo kama punje ya njegere. Anaitwa Harold Sheehan. Wanafunzi mkikutana na hilo jina kwenye mtihani ndio huyo, alikuwa mtu, sio mji.

Hiyo njegere ni tezi ya pituitari. Iko chini ya ubongo, nyuma ya pua huko ndani kabisa, imekaa kwenye kishimo cha mfupa ambacho watu wa anatomia wanakiita tandiko la Kituruki, manake kinafanana na tandiko la farasi. Uzito wake nusu gramu hivi. Na jina lenyewe ni kama tusi, limetoka kwenye neno la Kilatini la kamasi, wazee wa kale kina Galen waliamini ubongo unatoa uchafu wake unapitia hapo unashukia puani. Yani zaidi ya miaka elfu moja nyapara wa mwili mzima anaitwa bomba la kamasi.

Nasema nyapara manake ndio kazi yake hasa. Yeye habebi zege. Kakaa juu anapiga kelele tu, wewe thairoidi wa shingoni fanya kazi, wewe tezi ya juu ya figo toa kotizoli, ile homoni ya kuubeba mwili kwenye shida, nyie ovari mbona mmelala, na nyie matiti mtoto keshafika leteni maziwa. Sasa nyapara akifa, vibarua wote wapo, wazima hawana ugonjwa wowote, ila wamekaa chini wanasubiri kuambiwa. Hiyo muishike, nitaihitaji mbele.

Sheehan kazaliwa 1900 Carlisle, kaskazini ya Uingereza huko karibu na mpaka wa Uskoti, mtoto wa daktari. Kasoma Manchester, akawa daktari 1921, na hapa ndio mimi nampendea, hakukimbilia maabara. Alirudi kwao akatibu watu mtaani miaka kadhaa, ile kazi ya kugongewa usiku, unaingia nyumba ya mtu unamkuta mama kalala, watoto wanne wanakuangalia, jiko linatoa moshi, unauliza maswali na majirani ndio wanajibu. Baadaye ndio akaingia patholojia, kazi ya kuchunguza ugonjwa kwenye viungo vya mwili, 1934 akaenda Johns Hopkins kule Marekani kwa ufadhili wa Rockefeller, na 1935 akapewa kazi ya utafiti kwenye hospitali ya wazazi ya Glasgow, ambayo wenyeji walikuwa wanaiita Rottenrow tu kwa jina la mtaa.

Naomba mnielewe Glasgow ya wakati ule. Tukisikia Ulaya tunawaza mashine na mashuka meupe, ila ule ulikuwa mji wa meli na makaa ya mawe, familia nzima chumba kimoja, jua limezibwa na moshi, watoto wa kike wanakua na matege, nyonga zinapinda, akija kuzaa mtoto hapiti. Ndio manake hospitali hiyohiyo mwaka 1888 Murdoch Cameron alianza kuzalisha kwa kisu kwa njia ya kisasa, kwa mama mwenye matege. Shida ndio iliwafundisha. Sasa mama wa pale akimwaga damu 1935 una nini mkononi? Ergometrini, dawa ya kukaza kizazi, ndio kwanza imegunduliwa mwaka huohuo. Benki ya damu kwenye friji, ile ya kwanza ya hospitali kule Marekani, Chicago, imefunguliwa 1937. Kwahiyo walikuwa wanakufa. Na wanaokufa walikuwa wanashushwa kwa Sheehan.

Watu wakiongelea historia ya pituitari wanamtaja kwanza Harvey Cushing, Mmarekani, mpasuaji wa ubongo, zaidi ya uvimbe 2,000 wa ubongo umepita mikononi mwake, mpaka tuzo ya Pulitzer anayo, ya kuandika maisha ya mwalimu wake Osler. Mtu mkubwa sana sibishi. Lakini Cushing wagonjwa walimfuata, jina limeshavuma. Sheehan yeye yuko mochwari na hadubini, anafungua vichwa vya akina mama ambao kwa wengine kesi yao ishafungwa, imeandikwa "kutokwa na damu", mumewe kaja kachukua mwili, basi.

Sasa sikilizeni alivyofikiri. Kila mama aliyekufa baada ya kujifungua alikuwa anaangalia pituitari yake. Waliokufa saa chache tu baada ya kuzaa, tezi inaonekana kawaida. Waliovuja damu wakazimia, wakaishi siku kadhaa ndio wakafa, sehemu ya mbele ya tezi imekufa, imekaa kama nyama iliyokosa damu, wakati sehemu ya nyuma mara nyingi iko salama. Alafu kuna wanawake waliokufa miaka mingi baada ya uzazi wao wa mwisho, hao tezi ni kovu tu, kamba nyembamba. Akazipanga zile glasi za hadubini mezani kuanzia ya saa mpaka ya miaka, akaona ni stori moja, tezi inakufa siku ya kuzaa, siku ileile ya damu, kinachofuata ni kukauka. Akaandika 1937.

Kwanini pituitari na sio kidole? Manake kwenye ujauzito inavimba, zile chembe zinazotengeneza homoni ya maziwa zinaongezeka tezi nzima inakuwa kubwa kuliko kawaida, na kishimo chake ni kilekile, mfupa hautanuki. Damu inayoifikia sehemu ya mbele nyingi inapita kwenye mishipa ya presha ndogo. Kwahiyo umemnenepesha nyapara umemweka kwenye kibanda kilekile unamletea maji kwa mrija mwembamba, alafu siku moja presha ya mama inashuka mpaka haisomeki. Anakufa wa kwanza, hata kabla mama hajafungua macho.

Hakuwa wa kwanza kuona tezi iliyokufa, haki isemwe. Mpoland Glinski alishaandika 1913, na Simmonds wa Hamburg mwaka uliofuata 1914, na ugonjwa ukabeba jina la Simmonds. Ila vitabu vya enzi hizo viliandika pituitari ikifa mgonjwa anakonda anabaki mifupa. Matokeo yake mabinti waliokuwa hawali kwa matatizo ya akili wakawa wanaambiwa pituitari imekufa, na akina mama ambao kweli pituitari imekufa wanaambiwa hamna kitu mbona una mwili wako. Sheehan ndio aliyesema hapana, wengi wao wala hawakondi.

Alijuaje? Hapa ndipo naona yule daktari wa mtaani anarudi. Alitoka mochwari. Yeye na mwenzake Murdoch, sio yule Cameron wa 1888, walifukua mafaili ya hospitali, wakatafuta wanawake waliovuja damu vibaya wakati wa kuzaa wakapona, wakaenda kuwafuatilia wanaishije. Na "kupona" kwenye faili maana yake ni alitoka hospitali anatembea. Wakakuta sehemu kubwa hawajapona kabisa. Wapo nyumbani wamechoka, baridi haiwaishi mwilini, wamepauka, hedhi haikurudi tena, nywele zilizonyolewa leba hazikuota, akili imekuwa nzito, na majirani wanasema toka azae yule mtoto wa mwisho hajawa yeye. Ukiuliza mwanzo wa yote ilikuwaje unajibiwa maziwa hayakutoka. Hata tone.

Ndio hilo swali nimekuja nalo leo. Halihitaji umeme wala rufaa: mama, baada ya kujifungua maziwa yalitoka?

Sasa kwetu swali hili tunaliulizaje? Tuseme ukweli. Mama maziwa yasipotoka kwetu kinachofuata ni kesi. Kama ni Mchaga ataletewa mtori asubuhi mtori jioni, kama ni wa pwani ataletewa uji wa pilipili manga na supu ya pweza, yasipotoka bado wanaanza, huyu hataki kunyonyesha anaogopa matiti kuanguka, huyu kafungwa, huyu alizaa nje, wengine wanasema chango. Mama mkwe ndio hakimu. Mtoto anapewa maziwa ya kopo au ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, arobaini inaisha, stori inafungwa hapo na haiingii kwenye kadi yoyote. Miaka kumi baadaye anakuja kwa mtu kama mimi na malalamiko ya uchovu, na mimi namuuliza unalala saa ngapi.

Nitawaambia langu. Nilishaliondoa kwenye hotuba mara mbili nikalirudisha.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini, hospitali moja siitaji, mji wa pwani. Kaja mama wa miaka 38, na kilichonishangaza nikakiona na nisikitumie ni kwamba kavaa sweta. Mwezi wa kwanza. Sisi wote tunatiririka jasho yeye kavaa sweta la bluu na kitenge juu yake. Uso umepauka, anaongea polepole kama anayatafuta maneno chini ya kitanda. Damu ndogo kidogo, nikampa vidonge vya kuongeza damu, nikamwambia na stresi punguza. Karudi wiki sita baadaye vilevile, sweta lilelile. Safari hii nikajifanya mjanja nikapima thairoidi. Homoni ya thairoidi yenyewe iko chini kabisa, ile nyingine TSH iko kawaida.

Mnakumbuka nyapara? TSH ndio sauti ya nyapara kwa thairoidi. Kibarua akizembea nyapara anapiga kelele zaidi, TSH inapanda, kila mwanafunzi hapa anajua. Sasa kibarua kalala fofofo na nyapara katulia tu wala hapandishi sauti, hiyo maana yake nini? Maana yake nyapara hayupo. Karatasi ilikuwa inaniambia kwa herufi kubwa na mimi nikasema labda mashine imekosea. Nikampa thairoksini, homoni ya thairoidi ya vidonge.

Wazee wa fani mmeshashika vichwa naona. Kwa vijana nieleze. Thairoksini inaongeza mbio za mwili, na kotizoli inatumika na kusafishwa haraka zaidi. Mtu mwenye tezi za figo zinazoamka atatengeneza nyingine. Huyu hana wa kumwamsha, kale kadogo alikokuwa anaishi nako ndio nimekamaliza mimi. Kanuni yake ni kotizoli kwanza, thairoidi baadaye, kamwe usigeuze. Nilikuwa naijua nimeisoma nimefaulia mtihani.

Siku ya kumi na mbili kaletwa hajitambui, kwenye bajaji, kafunikwa blanketi. Presha haisomeki, sukari 2.1, iko chini sana. Tukampa maji ya sukari ya mshipa akafumbua macho kidogo, baada ya muda akazama tena. Nimesimama pale naandika malaria kali, kifafa, sijui nini, na kuna sista mmoja mtu mzima, miaka yake yote kakaa leba, kaletwa wodi ya wanawake manake miguu inamsumbua. Kaja kamwangalia yule mama, kanyanyua mkono wake kaangalia kwapa, laini kama la mtoto. Kamgeukia dada yake mgonjwa pale mlangoni kamuuliza, huyu uzazi wake wa mwisho alinyonyesha?

Dada mtu akasema we, sista, huyu? Kondo la nyuma liligoma, alimwaga damu mpaka godoro likatupwa, chupa mbili aliongezewa, mtoto nimemlea mimi kwa kopo, sasa yuko darasa la tano.

Miaka 11. Hedhi haijarudi miaka 11 na aliambiwa ni umri, alikuwa na miaka 27.

Sista hakuniambia kitu, kaniangalia tu, na yale macho naona mpaka leo. Nikaomba haidrokotizoni ya mshipa, yani kotizoli yenyewe kama dawa, ilikuwa kama saa nne asubuhi. Jioni nimerudi kakaa kitandani anaomba chai. Picha ya kichwa tulipata baadaye sana huko mbali, kishimo kimebaki kitupu, tandiko lipo mpanda farasi hayupo.

Na miaka 11 sio rekodi msidhani. Tafiti za nchi mbalimbali zinarudia hilohilo, kutoka siku ya kuvuja damu mpaka siku ya kupewa jina la ugonjwa ni miaka saba, kumi na tatu, mpaka ishirini. Wakati tiba yenyewe ni predinisoloni ya bei ya chini kila siku kushika nafasi ya kotizoli, thairoksini ikifuatia, na kufundishwa kwamba ukipata homa au malaria dozi inaongezwa, hazikatishwi. Kukosa hayo ndio kunaua, anaenda na malaria ya kawaida kabisa ambayo jirani kaitibu kwa siku tatu.

Naona mratibu kanyanyua mkono, nakuja, nakuja.

Sheehan alikaa Rottenrow mpaka vita ikaisha, katikati alienda jeshini kama daktari wa patholojia, kisha 1946 akawa profesa Liverpool mpaka kustaafu 1965. Hakuachana na hao wanawake. 1949 na mwenzake Summers waliandika upya kabisa picha ya ugonjwa ilivyo, na kwenye umri wa zaidi ya miaka 80 bado alikuwa anachapisha kuhusu jambo lilelile. Kwa wenzetu wanaopenda kubadili mada ya utafiti kila ufadhili unapobadilika, haya. Rottenrow ilifungwa 2001 ikabomolewa, sasa ni bustani na wameweka pini kubwa ya nepi ya chuma imesimama katikati, ukipita bila kujua utashangaa.

Kuna kitu kuhusu Liverpool kinanichekesha. 1909 kwenye mji huohuo daktari Blair-Bell alikuwa anatumia maji yaliyokamuliwa kutoka sehemu ya nyuma ya pituitari ya ng'ombe kukaza kizazi kisitoe damu, akifuata aliyoyaona mtafiti Mwingereza Henry Dale 1906. Hiyo ndio babu yake oksitosini, mnayoitoa kwenye friji kila siku, siku hizi inatengenezwa kiwandani toka mkemia Mmarekani du Vigneaud alipoiunda 1953. Kwahiyo sehemu ya nyuma ya tezi ndio dawa ya kuzuia kifo cha sehemu ya mbele ya tezi. Nusu moja inamlinda mwenzake, na friji ikizimwa wikendi nzima kwa ajili ya umeme wote wawili wamekwisha.

Na hapa nyie ndio mabosi sio mimi. Mei 2023 yalitoka majibu ya utafiti wa E-MOTIVE, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, zaidi ya wanawake 200,000. Walichofanya hakina maajabu. Mfuko wa plastiki wenye mistari unawekwa chini ya mama, damu inaonekana ni kiasi gani, haikadiriwi kwa macho kwenye khanga, na ikifika mstari vitu vyote vinafanywa kwa pamoja, kukanda kizazi, oksitosini, traneksamiki ya kusaidia damu igande, drip, kumkagua na kuita msaada, sio kimoja kimoja unasubiri uone. Damu kali pamoja na vifo na upasuaji unaotokana nayo vikapungua kwa asilimia 60. Lakini takwimu iliyoniuma ni nyingine, kwenye hospitali za njia ya zamani walikuwa wanagundua mama 51 tu kati ya 100 wanaovuja damu kupita kiasi. Kwenye mfuko 93. Sasa hao 49 waliokuwa hawaonekani, wengi hawakufa. Walienda nyumbani. Kwenye faili wamepona.

Mimi mtu wa homoni nakutana nao wakishavaa sweta. Nyie mnakutana nao siku ya kwanza, na mnarudi kukutana nao kliniki ya mtoto wiki ya sita. Sisemi kila mama asiye na maziwa siku ya pili ana ugonjwa huu wa Sheehan, jamani msiende kuwatisha watu, maziwa yanachelewa kwa sababu kibao. Nasema yule aliyemwaga damu akazimia, au presha yake ilipotea, muandikie kwa kalamu kwenye kadi yake, damu kiasi gani, alafu wiki ya sita uliza maziwa, mwezi wa sita uliza hedhi na uchovu. Mstari mmoja. Hakuna fomu mpya, naapa, najua mnavyozichukia fomu.

Yule mama wa sweta alirudi baada ya miezi kadhaa, mwezi wa sita ulikuwa umeisha, kwa pwani ndio kipindi chenye nafuu ya joto. Nilikuwa nimeinamia faili nikasikia mtu anajipepea kwa kadi ya kliniki, fa fa fa. Nikainua kichwa sikumjua, kavaa gauni la mikono mifupi. Akaniambia, dokta, humu ndani mnakaaje, hamna hata feni?